Mfupa ni Wako, Nekesa

Mwanangu Nekesa,

Leo asubuhi nimeng'oa zile nguzo za mkaratusi zilizokuwa kati ya nyumba na zizi. Boma la ndama lilikuwa limelegea, na miti mizuri kama ile haifai kukaa uani ikiota uyoga. Senge yako Robai alikuwa amekuja kunisalimia. Aliponiona nikichimba akasimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akauliza, "Wewe, unang'oa hizo kwa ruhusa ya nani?" Nikamwambia mwenyewe haji tena kuzishika. Dada yangu hanyamazi kwa urahisi, unamjua, lakini hapo alinyamaza. Kisha akaweka kikombe chini, akaja tukavuta pamoja.

Nguzo zilipotoka yalibaki mashimo, na katikati yake ule mstari wa ardhi ngumu ambao nyasi hazijaurudia. Niliutazama kwa muda nikaona afadhali nikuandikie. Kwenye simu unaniambia, "Niko sawa, Baba, ng'ombe wanaendelea aje?" na kabla sijamaliza habari za ng'ombe unaitwa na wenzako. Sikulaumu. Lakini kuna mambo tuliyoyapitia ambayo hatujawahi kuyasema kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ningependa uyapate kutoka upande wangu, mimi niliyekuwa nimekaa kando ya kitanda.

Ulikuwa kidato cha tatu, likizo ya Aprili, na mvua ilikuwa imeanza kushika. Ulipenda kupeleka maziwa mwenyewe Chekalini kwa baiskeli kwa sababu, kama ulivyosema, nikienda mimi nakaa huko nikipiga domo mpaka jua linakuwa kali. Asubuhi hiyo ulifunga mtungi nyuma ya baiskeli, ukaondoka ukipiga kengele ovyo ili kuku waruke. Nilikuwa bado nasafisha ndoo niliposikia mtu akiita jina langu kutoka barabarani, na kwa jinsi alivyoliita nilijua kuna jambo.

Trekta ilikuwa ikipanda kile kilima ikivuta trela tupu. Trela ikachomoka, ikarudi nyuma peke yake, na wewe ulikuwa unasukuma baiskeli nyuma yake. Walioona walisema ulijirusha kando, na kujirusha huko ndiko kulikokuokoa. Gurudumu lilikupata paja la kushoto.

Nilikukuta kwenye nyasi. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka nyanya sokoni alikuwa amekufunika leso yake, kichwa chako amekiweka mapajani mwake. Uso wako ulikuwa na rangi ya jivu. Nilipopiga magoti ukanitazama, ukasema, "Baba, maziwa yote yamemwagika."

"Wacha maziwa, Mama," nikakujibu.

Nimekuita Mama tangu ulipozaliwa kwa sababu ulipewa jina la mama yangu. Siku hiyo, Nekesa, nililitamka jina hilo kama mtu anayeomba msaada.

Hospitalini walituambia mfupa wa paja umevunjika vibaya. Waliuning'iniza mguu wako kwa kamba na vyuma vizito ili mfupa ujivute na kuunga, na hapo ukalala wiki baada ya wiki, ukitazama dari. Nilikuwa nakamua alfajiri, namwachia jirani ng'ombe, nakuja kukaa nawe mpaka wanifukuze. Wadi nzima ilikuwa ya wanawake. Walinizoea hata wakaanza kunituma maji ya moto.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikuliweza. Mama yako alikuwa ametutoka ulipokuwa darasa la tano, na mimi kama baba, kwa desturi zetu, simwogeshi binti aliyekwisha kuwa mkubwa. Wauguzi walikuwa na kazi nyingi. Jioni moja uligeuza uso ukutani ukaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, nanuka." Nikatoka nje nikampigia Robai kule Mukumu alikoolewa. Sikumaliza kueleza. "Nimesikia," akasema. "Unaongeanga sana. Wacha nipange nguo." Kesho yake aliingia wadini na beseni lake mwenyewe, sabuni, na leso za kutosha kuzungushia kitanda chako chote. Mimi nilikaa nje kwenye benchi nikimsikia akikugombeza kuhusu masikio yako, na wewe ukilalamika, na nikajua kwamba hapo tumepata mtu.

Unakumbuka wiki aliyorudi kwake kwa ajili ya matanga? Nywele zako zilikuwa zimejifunga nyuma kwa kulalia mto. Ulikuwa umejaribu kuzichana mwenyewe ukashindwa, na machozi yalikuwa yanakulenga. Nikaazima kitana na mafuta kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Nilikuwa nimewahi kusuka kamba ya ndama na mkeka, basi, nikadhani kazi ni ile ile. Wanawake wote waliinuka kwenye mito yao kutazama. Nilipomaliza, yule bibi wa kitanda cha pili akakupa kioo. Ulijitazama upande huu, ukajitazama upande ule, ukasema, "Baba, umenifanya matuta ya viazi vitamu."

Wadi ilicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Na wewe ulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya trela. Nilikwenda nyumbani jioni hiyo nikitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Walipokutoa kamba tulidhani tumemaliza. Ulirudi nyumbani na magongo, na majirani wakaja kwa zamu na ndizi, kuku na maombi. Lakini kila ulipojaribu kusimama wima, bega moja lilishuka. Mguu wa kushoto ulikuwa umefupika, na goti lilikuwa limekataa kukunjika. Ulianza kukaa chumbani wageni wakija. Ukaacha kwenda kanisani kwa sababu, ulisema, ukitembea kutoka mlangoni mpaka kitini watu wote wanatembea nawe kwa macho.

Sitamsahau mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kututazama. Alikunywa chai yake, akala mahindi yake, kisha akaniambia kwa sauti ambayo ungeisikia hata ukiwa kwa jirani, "Usiwe na wasiwasi, Baba Nekesa. Msichana hata akichechemea ataolewa tu." Alipoondoka ulisukuma pazia la chumba chako. "Baba," ukasema, "huyo alikuja kuniona mimi, au alikuja kuhesabu ng'ombe?"

Nilicheka, lakini niliona wewe hucheki.

Ndipo tukaenda kwa yule daktari wa mifupa aliye mjini Kakamega. Alibandika picha kwenye mwanga, akatuonyesha. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini kipande kimoja kilikuwa kimepanda juu ya kingine. Hutokea, alisema. Akaeleza kwamba tunaweza kuuacha hivyo, ukavaa kiatu kilichoinuliwa, ukachechemea, na mgongo ukaanza kukuuma ukiwa mtu mzima. Au anaweza kuukata mfupa upya, kuunyoosha na kuushika kwa chuma na skrubu. Hakuficha kwamba upasuaji ni upasuaji. Akageuka kutuuliza tunaonaje.

"Tumekataa, daktari," nikasema. "Asante sana." Nikainuka nikachukua kofia yangu.

Hukusema neno njia nzima. Wala kesho yake. Ulikuwa unakula, unaosha vyombo ukiwa umekaa, unajibu ukiulizwa, na hakuna zaidi. Nami nikajiambia ni uchovu. Jioni moja nilikuwa zizini nakamua, ukaja na magongo yako polepole mpaka mlangoni, ukajishusha kwenye kile kiti cha magogo.

"Baba, ulimwambia daktari 'tumekataa.' Ni wewe na nani?"

Nikaendelea kukamua.

"Unaogopa nini?"

Nekesa, nilikuwa sijawahi kulisema jambo hilo kwa mtu yeyote. Nilikuambia nikiwa nimeegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, maana nisingeweza kukutazama. Nilikuambia, "Mama yako aliingia chumba cha upasuaji akinipungia mkono. Mimi nikarudi nyumbani na viatu vyake."

Nilidhani unalia, nami sikutaka kugeuka. Kisha ukasema, bila kulia hata kidogo, "Najua, Baba. Naye pia nilimpungia. Lakini mimi si Mama. Na mfupa ni wangu. Wewe utaniona nikichechemea mpaka uzeeke, halafu utaenda zako. Mimi ndiye nitabaki nao."

Nilivuta chuchu za ng'ombe yule zikiwa zimekauka kabisa, navuta tu, mpaka akachoka nami, akapiga teke ndoo na mguu wangu. Nikaanguka chali kwenye mavi. Wewe ulijaribu kujizuia, nakupa heshima hiyo, lakini ulishindwa. Ukaniambia, ukifuta macho, "Inuka, Baba. Twende kwa daktari."

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Nimekaa na wazee katika mabaraza mengi, na sijasikia mtu akilipanga neno vizuri kama ulivyolipanga wewe pale zizini.

Siku ya upasuaji Robai alikuja na chupa ya chai na mkate ambao hakuna aliyeula. Walipokusukuma kwenye kile kitanda cha magurudumu, uliinua mkono kidogo, ukaushusha. Ukanitazama. Nikajua umeukatiza makusudi, kwa ajili yangu. Mlango ukafungwa. Robai alisali kwa Kiluhya, akasali kwa Kiswahili, kisha akaanza kumsema mume wake ili kupitisha wakati. Mimi nilikuwa natazama mlango tu.

Daktari alitoka akivua kofia yake ya kijani, akanishika bega. "Mzee, imekwenda vizuri. Nenda umsikie."

Nikakusikia kabla sijakuona. Dawa ya usingizi ilikuwa haijakutoka, na ulikuwa unamwamuru muuguzi akuletee obusuma na ingokho, yaani sima kwa kuku, na kuku mwenyewe awe wa kienyeji, na asiwe na mchuzi mwingi. Muuguzi hakujua acheke au afanye nini. Robai aliketi sakafuni pale pale kwenye korido akalia, huku akisema, "Huyo ni wetu. Huyo ni wetu kabisa."

Kazi ngumu ilianzia nyumbani. Yule dada wa mazoezi ya viungo alituonyesha jinsi ya kulikunja goti, akasema bila kukunja kila siku litaganda, na likiganda upasuaji wote utakuwa bure. Nikakata mikaratusi, nikaichimbia pale uani, nguzo ndefu zimelazwa sambamba kwa urefu wa kiuno chako, ili ushike huku na huku unapotembea. Nilizipiga msasa mpaka zikawa laini kama mpini wa jembe la zamani. Nilijivuna sana. Nilidhani ukiziona utafurahi.

Ulizichukia. Ulikunja goti ukilia, ukatembea ukilia. Na siku moja mchana ulifika katikati, ukasimama, ukasema, "Sitaki tena." Ukalitupa gongo ulilokuwa umelitundika kwenye nguzo, likampata jogoo, naye akapiga kelele kama anayechinjwa. "Sitaki! Tembea wewe!"

Ningeweza kukubembeleza. Ningeweza pia kukuhurumia, nikakubeba mpaka kitandani, na Mungu anajua mikono yangu ilitaka kufanya hivyo. Lakini nilikuwa nimekusikia ukisema mfupa ni wa nani. Basi nikaenda mwisho wa nguzo, nikaketi kwenye gunia, nikaanza kupukuchua mahindi. Na nikaanza kuimba.

Mwanangu, unajua sauti yangu. Mwalimu wa kwaya aliniomba kwa upole niwe napanga viti. Niliimba wimbo mmoja wa kanisani, nikaurudia, nikaingia wa pili nikiwa nimesahau maneno, nikatia maneno ya kwangu kuhusu jogoo aliyepigwa na gongo. Majirani walikuja kuchungulia uani. Ulining'inia pale kwenye nguzo umekasirika, jasho linakutoka, mpaka ukashindwa kuvumilia.

"Baba, nyamaza!"

"Njoo uninyamazishe."

Ukaja. Ulikuja hatua kwa hatua, meno yameumana, ukinitaja kwa majina ambayo binti hamtajii baba yake, na mimi naimba kwa nguvu zaidi. Ulipofika ulinifunika mdomo kwa kiganja. Kiganja kilikuwa kimeloa jasho. Nikakuona umesimama mbele yangu bila kushika kitu, na wewe mwenyewe hujagundua. Sikukuambia. Nilisubiri ugundue.

Tangu siku hiyo ulikuwa ukitoka mwenyewe asubuhi kabla sijakuita. Mara nyingine nilikusikia nikiwa zizini, ukijihesabia kwa hasira. Sikuja kutazama. Ilikuwa kazi yako, na niliona unaijua kuliko mimi.

Shule nayo haikuwa rahisi. Wenzako walikuwa wamekwisha kuvuka, na wewe ukarudi kukaa na wasichana waliokuwa nyuma yako. Nilikupeleka nikiwa na hotuba ndefu ya kumpa mwalimu mkuu: kitanda cha chini, ruhusa ya kukaa wakati wa gwaride, usitumwe mbali. Ukaniangalia tukiwa langoni. "Baba, mwambie kitanda cha chini. Hayo mengine nitasema mwenyewe nikihitaji." Nikamwambia kitanda cha chini.

Nilipokuja siku ya wazazi, nilikuwa nimejiandaa kukukuta umejitenga. Nikasikia msichana akiita uwanjani, "Kukhu! Kukhu, mgeni wako!" na nikageuka kutafuta nyanya wa nani amekuja. Kumbe ni wewe. Wenzako walikuwa wamekupa jina la nyanya kwa ajili ya lile gongo moja ulilobakiza, na kwa sababu, walivyoniambia, ukiwa na gongo hilo hakuna anayekuruka kwenye foleni ya chakula. Nilikutazama usoni kuona kama jina linakuuma. Ulikuwa unatafuna mahindi niliyokuletea, unacheka na mdomo umejaa. Nikaacha wasiwasi wangu pale pale chini ya ule mti wa wageni.

Ulifanya mtihani wako wa kidato cha nne, ukapita. Ulipochagua kusomea upimaji wa ardhi, jirani mmoja aliniuliza kama hakuna kozi ya kukaa ofisini. Nilimwambia aje akuulize mwenyewe. Hakuja.

Sasa uko chuoni, na nyumba imetulia. Nakamua, napeleka maziwa, napiga domo Chekalini nipendavyo kwa kuwa hakuna wa kunihesabia saa. Nakukosa hasa jioni, wakati wa chakula, maana bado napika sima ya watu wawili, na mbwa amenenepa kwa sababu hiyo. Lakini sina hofu juu yako. Nataka ulijue hilo, kwa sababu nadhani kwa miaka hiyo yote ulikuwa unaichunga hofu yangu kama ulivyokuwa unalichunga goti lako. Ulishusha mkono ili nisikuone ukipunga. Ulinijibu pole pole pale zizini. Watu hunisifu kwamba nilikuuguza vizuri. Mimi najua kwamba tuliuguzana, na mgonjwa mmoja alikuwa mkaidi kuliko mwingine.

Kuna jambo moja la mwisho. Jumapili iliyopita ulipopiga simu ulinieleza habari za mwalimu wenu, na baridi ya huko, na maharagwe ya bwenini yasiyoiva. Kisha ukasema, kama mtu anayepita tu, kwamba wakati fulani mlikuwa mnapima mteremko, mvua imenyesha, ukateleza na chombo begani ukaanguka mpaka mtaroni. Siku hiyo ilikuwa imepita zamani. Ulikuwa umesahau kuniambia.

Nikauliza, "Na mguu?"

Sauti yako ikawa kama ya mtu aliyeulizwa jambo lisilohusu habari anayoisimulia.

"Mguu gani, Baba?" ukauliza. "Nakuambia nilikaribia kuvunja chombo cha chuo!"

Nekesa, simu ilipokatika nilikaa pale kwenye ngazi ya jikoni nikicheka peke yangu. Nimemsimulia Robai. Nimemsimulia jirani. Jana nimewasimulia hata watu wa maziwa, na mmoja wao akaniuliza kichekesho kiko wapi, nikashindwa kumweleza. Mguu gani! Sijawahi kusikia habari njema ikitangazwa kwa maneno machache hivyo.

Kula vizuri, funika mgongo, na hayo mengine utayasema mwenyewe ukihitaji.

Ni mimi niliyekusuka matuta,
Baba yako